Kijana Wetu Aliyebaki Abisinia

Katika nchi ya Uingereza, mahali paitwapo Runnymede, juu ya kilima kinachotazama mto Thames, kuna jengo la ukumbusho lililofunguliwa mwaka 1953. Kuta zake zimeandikwa majina zaidi ya 20,000. Ni majina ya wanajeshi wa anga waliokufa katika vita vikuu vya pili vya dunia, ambao hawana kaburi linalojulikana. Wengi wao walikuwa vijana wa eropleni za kutupa mabomu. Eropleni ile iliyoitwa Lancaster ilichukua watu saba: mwenye kuiendesha, mwenye kuangalia mashine, mwenye kuonyesha njia, mwenye simu ya upepo, mwenye kutupa mabomu, na wapiga bunduki wawili. Ikianguka, jamaa saba zililetewa habari ya msiba kwa mara moja. Katika jeshi la Waingereza la kutupa mabomu waliruka angani watu wapatao 125,000, na kati yao walikufa 55,573. Wengi walikuwa hawajatimiza miaka 25.

Msomaji ataniuliza: Katekista, mambo hayo ya Waingereza yatuhusu nini sisi watu wa Lualaba?

Yatuhusu, tena sana. Kwanza, eropleni zile hazikuruka bila mali ya ardhi yetu. Nyuzi za umeme ndani yake ni shaba. Makasha ya risasi ni shaba iliyochanganywa na zinki, na Katanga ilitoa vyote viwili, zinki ikitoka Kipushi. Kobalti nayo huingia katika vyuma vya mashine vinavyopaswa kustahimili joto kali. Katika miaka ya vita kompani ya Union Minière ilitoa shaba zaidi ya tani 150,000 kwa mwaka, na shaba hiyo Waingereza waliinunua. Jirani zetu wa kusini, wazungu wa Rhodesia, walikuwa na kikosi cha eropleni kilichobeba jina la nchi yao, kikosi namba 44, nacho ndicho kilichotangulia kupewa Lancaster. Vijana wao waliketi ndani ya eropleni. Vijana wetu walichimba shaba yake. Na wengine walizitazama eropleni za vita kutoka chini, wakiwa wamelala kifudifudi katika matope, huku mabomu yakishuka. Hilo ndilo jambo la pili, na ndilo ninalotaka kulieleza, kwa sababu mmoja wa hao alikuwa wa jamaa yetu.

Alikuwa kaka wa nkambo wangu mzaa baba. Jina lake la ubatizo silitaji gazetini. Nyumbani huitwa tu "Wa Abisinia". Walikuwa ndugu watatu, watoto wa baba mmoja na mama mmoja, katika kijiji cha ng'ambo ya Lualaba. Wa kwanza alikwenda kufanya kazi Elisabethville (leo Lubumbashi), katika usini ya kuyeyushia shaba. Wa tatu, yaani nkambo wangu, alikuwa bado mtoto mdogo. Wa katikati ndiye aliyeingia jeshini, katika Force Publique, naye alikuwa na umri wa miaka 19 hivi.

Sisemi "alijiunga", maana neno hilo lingedanganya. Siku zile serikali ya Wabelgiji, ambayo wazee waliiita Bula Matari, ilimwambia kila chifu idadi ya vijana wa kutoa. Chifu naye alitafuta mahali pa kuwapata bila kujiletea ugomvi. Mwenye watoto wa kiume watatu hakuweza kusema ataachwa bila mtu. Muda wa kazi ulikuwa miaka saba. Kijana alivalishwa kofia nyekundu, akafundishwa bunduki, akafundishwa na Kilingala, kwa maana Kilingala ndicho kilichokuwa lugha ya jeshi, hata kwa mtu aliyezaliwa kwa Wasanga au kwa Walunda. Angeweza kuwa koplo, angeweza kuwa sajini. Afisa hakuweza kuwa: mpaka uhuru wa 1960 Force Publique haikuwa na afisa mweusi hata mmoja.

Sasa ni vizuri tueleze kwa nini kijana wa Lualaba alipelekwa kupigana na Waitalia, watu ambao huenda hakuwa amewaona isipokuwa mafundi wachache wa reli.

Tarehe 10 Mei 1940 Wajerumani waliingia Ubelgiji, na tarehe 28 ya mwezi uleule mfalme Leopold III akasalimu amri pamoja na jeshi lake. Kongo ikawa koloni la nchi iliyotekwa. Walikuwako wazungu hapa waliotaka Kongo ikae kando, isijitie upande wowote. Gavana mkuu Pierre Ryckmans alikataa. Akasema Kongo itabaki vitani upande wa Waingereza. Italia iliingia vitani mwezi wa Juni upande wa Wajerumani. Halafu, katika miezi ya mwisho ya mwaka 1940, Waitalia walileta eropleni zao katika viwanja vya Ubelgiji yenyewe, ili watokee pale kwenda kuipiga Uingereza kwa mabomu. Hiyo ilikuwa sababu mojawapo iliyofanya Ubelgiji na Italia zihesabiwe kuwa vitani kuanzia Novemba 1940. Waitalia walikuwa wameikalia Abisinia tangu 1936, na Abisinia ilipakana na Sudan, nayo Sudan ya siku zile ilipakana na Kongo. Basi njia ikaonekana.

Safari yenyewe ilikuwa ndefu kuliko vita. Askari walikwenda mpaka kaskazini-mashariki ya Kongo, wakavuka kwa barabara hadi Juba katika Sudan, kisha wakateremka mto Nile kwa meli. Hapa nisimame kidogo. Yule Livingstone, ambaye watoto wetu humsoma shuleni, alitangatanga miaka ya mwisho ya maisha yake akidhani kwamba Lualaba ndiyo mwanzo wa Nile, akafa mwaka 1873 kabla ya kujua ukweli. Vijana wetu waliuona ukweli bila kutafuta: maji ya Nile yalikwenda kaskazini, nao wakaenda nayo, wakijua vema kwamba si maji ya kwao.

Kutoka Sudan waliingia Abisinia upande wa magharibi. Tarehe 11 Machi 1941 waliuteka mji wa Asosa. Tarehe 22 na 23 Machi walipigana Gambela, mji ulio kando ya mto Baro, wakauteka. Mpaka hapo mambo yalikwenda upesi. Kisha walitazama mbele wakaona milima. Waitalia walikuwa wamejikusanya juu, mahali paitwapo Saio, palipoinuka zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Gambela ipo chini, bondeni, penye joto na mbu. Katikati kuna kijito cha Bortai. Wakongo walifika Bortai katikati ya Aprili, wakapigana hapo, wakashindwa kupanda. Waitalia walikuwa wengi kuwapita, na mizinga yao ilitazama chini.

Ndipo mvua ilipoanza.

Wazee waliorudi hawakupenda kusimulia mapigano, walisimulia mvua. Barabara ya Sudan ilizama katika matope, magari ya mizigo yakakwama, posho ikapunguzwa. Askari aliyezoea unga na mboga alikula kidogo, na kile kidogo kilifika kimelowa. Siku zile meli kutoka Khartoum ziliweza kufika Gambela wakati mto Baro umejaa tu, na kabla ya kujaa ilipasa kungoja. Watu wakaugua kuhara damu, wakaugua homa, wakaugua kifua kwa baridi ya usiku. Walikuwako pia wapagazi wengi, watu waliobeba mizigo bila bunduki, na hao ndio waliokuwa na mavazi haba kuliko wote. Eropleni za Waitalia zilikuja kutupa mabomu. Eropleni za Afrika Kusini zilikwenda kuwapiga Waitalia juu ya mlima. Hivyo kijana wetu aliona vita vya angani. Aliviona kama kuku anavyomwona mwewe.

Alikufa katika mvua hizo, kabla Saio haijaanguka. Habari ililetwa na kijana mwenzake wa jirani aliyerudi mwaka uliofuata. Hakufa kwa risasi wala kwa bomu. Alihara damu siku nyingi, akadhoofika, wakamzika wenzake asubuhi chini ya mti, pamoja na wengine wawili, mmoja wao akiwa mpagazi ambaye hakuna aliyejua jina lake. Huyo aliyeleta habari alisema maneno hayo akiwa amesimama, kisha akaomba maji ya kunywa, akaenda zake. Hakurudi tena kuyasimulia, hata alipoitwa.

Siku chache baada ya kifo hicho, tarehe 3 Julai 1941, Waitalia wa Saio walisalimu amri. Jenerali Pietro Gazzera alijitoa mikononi mwa Jenerali Gilliaert wa Force Publique, na pamoja naye majenerali wengine, jumla yao tisa, na maafisa zaidi ya 300, na maelfu ya askari. Jeshi lililokuwa na njaa liliteka jeshi lililokuwa kubwa kuliko lenyewe. Wabelgiji walifurahi mno, na ilikuwa haki yao kufurahi, kwani kwao Ulaya nchi ilikuwa chini ya Wajerumani na hawakuwa na ushindi mwingine wa kuutaja. Mahali pengi katika Kongo jina la Saio liliwekwa katika njia na makampi. Kwa upande wa Kongo walikufa watu karibu 500 katika vita hivyo, na ugonjwa uliua wengi kuliko silaha.

Nyumbani, katika kijiji cha ng'ambo ya Lualaba, baba yake alikataa kuweka matanga. Alisema: Nitalia juu ya nini? Sina maiti, sina nguo, sina hata mkanda. Mama yake alilia peke yake. Na kwa sababu matanga hayakuwekwa, hakuna mtoto aliyepewa jina lake. Wasomaji wa nchi yetu wanaelewa neno hili ni zito namna gani. Kwetu jina la marehemu hurudishwa nyumbani kwa kupewa mtoto mchanga, na asiyeliliwa jina lake huogopwa. Nimewasikia watu wakilaumu desturi hii kana kwamba yote ni ushirikina. Mimi sioni hivyo. Hofu ya mzimu tuiache. Lakini kumpa mtoto jina la ndugu aliyekufa ni namna ya kusema kwamba hakusahauliwa, na Kanisa lenyewe huwapa watoto majina ya watu waliokufa zamani.

Lakini kulikuwa na sababu nyingine iliyofanya jina lake linyamaziwe, na sababu hiyo ilidumu kuliko hofu. Nayo ilitoka kwa kaka yake wa kwanza, yule wa Elisabethville.

Vita vilipandisha bei ya vitu. Nguo ilipanda, chumvi ilipanda, na mishahara ya weusi ilibaki palepale, huku kompani ikidai shaba zaidi na zaidi. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma, Elisabethville na mahali pengine. Tarehe 9 Desemba walikuwa wamekusanyika katika uwanja wa mpira huko Elisabethville, wakisubiri jibu juu ya mishahara yao. Askari wakaamriwa kupiga bunduki. Watu makumi waliuawa pale, pamoja na Léonard Mpoyi aliyekuwa msemaji wao. Kaka mkubwa alikuwa uwanjani. Alitoka mzima, lakini aliyekuwa amesimama karibu naye hakutoka.

Tazama tarehe, ndugu msomaji. Saio ni Julai. Uwanja wa mpira ni Desemba ya mwaka uleule. Jeshi ni lilelile, kofia ni ileile nyekundu. Sisemi kwamba waliopanda Saio ndio waliopiga bunduki Elisabethville. Nasema tu kwamba mfanyakazi aliyekuwa akikimbia hakuwa na nafasi ya kuuliza askari huyu ametoka kikosi gani. Tangu siku ile kaka mkubwa hakutaka kusikia habari ya askari nyumbani mwake, hata ya ndugu yake wa tumbo moja. Alisema: Alikufa katika nguo ya watu walioniua. Hivyo ndivyo alivyosema, "walioniua", ingawa aliishi miaka mingi baadaye, akahamia Kolwezi mji ulipokuwa ukipanuka, akafanya kazi hapa mpaka akapewa pensheni. Akawarithisha watoto wake maneno hayo.

Mwaka 1942 mzigo uliongezwa. Siku ambazo serikali iliweza kumlazimisha mtu wa kijijini kufanya kazi zake zilipandishwa kutoka 60 hata 120 kwa mwaka, na watu wengi walirudishwa msituni kutafuta mpira wa kutengenezea magurudumu. Na karibu na Jadotville (leo Likasi), katika machimbo ya Shinkolobwe, kulikuwa na jiwe lingine, urani, ambalo wachimbaji hawakuambiwa ni la nini. Mkuu wa Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa amekwisha peleka tani zaidi ya 1,000 za mawe hayo New York mwaka 1940, na mwaka 1942 Wamarekani wakayanunua. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kazi yao ya siri ilitoka kwetu. Tarehe 6 Agosti 1945 eropleni moja ya kutupa mabomu, yenye watu 12 ndani, ilikwenda juu ya mji wa Hiroshima. Watu wale 12 walirudi wote salama. Majina yao yamo vitabuni, mmoja mmoja. Majina ya waliolichimba jiwe lile kwa mikono hutayakuta humo.

Nisije nikawafanya wasomaji wafikiri kwamba Abisinia ndiyo safari pekee. Force Publique iliongezwa hata ikafika watu wapatao 40,000. Wengine, kama 13,000, walipelekwa Nigeria mwishoni mwa 1942, tayari kwa vita ambavyo havikutokea, kwa sababu Wafaransa wa Dahomey walibadili upande. Kutoka pale wakapelekwa Misri na Palestina, wengine kwa magari kukata jangwa. Huko walilinda ghala na mateka, na wakristu kati yao walipata kuikanyaga nchi ambayo Bwana wetu aliikanyaga. Na hospitali moja ya vita, yenye Wakongo wapatao 350 na Wabelgiji wapatao 20, ilikwenda mbali zaidi, mpaka Burma. Katika bonde la Kabaw, penye mvua kupita hata za Gambela, Wakongo hao waliwahudumia majeruhi wa divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Kiswahili kilisikika katika mahema yale. Mtu wa Nyanza na mtu wa Kongo waliambiana "pole" mbele ya Wajapani.

Mzee mmoja wa Burma, koplo Albert Kunyuku, aliishi hata akatimiza miaka 100. Mwezi wa Juni 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alipofika Kinshasa alimvika nishani mbele ya watu. Picha ile ilienea nchi nzima, na hata hapa Kolwezi watu waliionyeshana katika simu zao. Kule Brussels, katika mtaa wa Schaerbeek, liko jiwe la ukumbusho wa majeshi ya vita vya Afrika tangu 1970. Ni vizuri. Lakini tazama miaka: vita vilikwisha 1945, jiwe likasimamishwa 1970, nishani ikavikwa 2022. Mtu mmoja kati ya maelfu aliweza kuingoja.

Picha ile ya mfalme na koplo ndiyo iliyoamsha maneno katika jamaa yetu. Shangazi yangu, dada yake baba, aliitazama kwa muda mrefu, akasema angetaka tuombe Misa kwa ajili ya Wa Abisinia, kwa kuwa haijaombwa hata moja. Baba mkubwa, mtoto wa yule mfanyakazi wa Elisabethville, naye sasa ni mzee wa miaka karibu 80, alikataa. Alisema mbele yetu sote: Mfalme wao amekwisha mshukuru askari wao. Mimi sitatoa sadaka kwa ajili ya askari wa Bula Matari.

Kijana asimjibu mzee kwa haraka; na mzee yule hakusema upuzi. Alikuwa akimtetea baba yake. Niliondoka bila kusema neno, nikaenda nyumbani nikafungua kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 12. Tuliisoma seminarini tukijifunza juu ya kuwaombea wafu, lakini nakiri kwamba wakati ule tulitafuta fundisho tu, hatukuwatazama wafu wenyewe ni watu gani. Yuda Makabayo alipokwenda kuwazika askari wake waliouawa vitani, alikuta chini ya nguo zao hirizi za miungu ya uwongo, vitu vilivyokatazwa na sheria. Hao hawakuwa mashujaa safi. Walikufa na kosa lao limefungwa mwilini. Yuda hakuficha jambo hilo, wala hakuwaacha. Alichanga fedha, drakma 2,000 hivi, akazipeleka Yerusalemu sadaka itolewe kwa ajili yao.

Jumapili iliyofuata nilimwendea baba mkubwa, nikapiga magoti kama ipasavyo, nikamsimulia habari hiyo. Sikumwambia kwamba askari wetu alikuwa shujaa, kwa maana sijui kama alikuwa. Sikumwambia kwamba vita vile vilikuwa vya haki, ingawa naamini kwamba Wajerumani wa Hitler ilipasa wazuiwe, na kwamba dunia ingekuwa mbaya zaidi kama wangeshinda. Nilimwambia kwamba nguo aliyokufa nayo hakuichagua. Chifu aliichagua, na Bula Matari aliishona. Naye baba yako, nikamwambia, shaba aliyoiyeyusha ilikwenda vitani vilevile. Risasi za Saio huenda zilipita kwanza mikononi mwake. Kama tunamwacha mmoja kwa sababu alitumikia Bula Matari, tutamchukuaje mwingine?

Alinyamaza. Kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba alizikwa na mpagazi asiye na jina. Nikamjibu kwamba ndivyo alivyosema aliyeleta habari. Akasema: Basi huyo naye mmtaje.

"Tutamtajaje, baba mkubwa, naye hana jina?"

"Wewe ndiwe katekista. Tafuta namna."

Tuliomba Misa tarehe 3 Julai. Katika daftari la parokia niliandika mstari mmoja: majina ya ndugu wawili, yule wa usini na yule wa jeshi, kisha "na mwenzao mpagazi". Baba Padri aliyasoma hivyo hivyo yalivyoandikwa, wala hakuuliza. Baba mkubwa alikuja, akaketi nyuma karibu na mlango, akatoa sadaka yake mwenyewe bila kuipitisha kwa mtu. Hakuna hotuba iliyotolewa. Mwaka huohuo mjukuu wake mmoja alijifungua mtoto wa kiume, na mzee aliulizwa jina. Alichukua siku tatu kulijibu, watu wakaanza kuchoka. Siku ya nne akalitaja jina la Wa Abisinia, mtoto akabatizwa nalo.

Baada ya Misa ile shangazi alinishika mkono tukatoka pamoja. Nilidhani ataniuliza juu ya nishani au juu ya Ubelgiji. Aliuliza: "Huko alikolala, kuna mto?"

Nikamjibu kwamba upo, unaitwa Baro, ni mkubwa, na maji yake huingia Nile, yakaenda mpaka Misri, mpaka baharini.

"Basi hayapiti kwetu," akasema, akajifunga vizuri kitenge chake, tukateremka kwenda nyumbani.